Miezi saba aliyoiruka Sally Rooney

Sura ya pili kutoka mwisho katika *Normal People* inaanza dakika tano baada ya ile iliyoitangulia. Sura ya mwisho inaanza miezi saba baadaye. Kwenye sura ya dakika tano, Alan anamsukumia dada yake Marianne mlango, unampiga usoni na pua inatoka damu. Kwenye miezi saba, Marianne anapona. Kipigo tumekisoma hatua kwa hatua, kupona hatukukuona. Nimeirudia riwaya hii kwa ajili ya safu hii nikitumaini pengo hilo litanikera kidogo kuliko mara ya kwanza. Limenikera zaidi, kwa sababu kila ukurasa unathibitisha kwamba mwandishi alikuwa na uwezo wa kulijaza.

Turudi Carricklea, mji wao wa nyumbani, Julai 2014. Marianne na Connell wako kitandani nyumbani kwa Lorraine, mama yake Connell. Marianne anamwomba Connell ampige. Connell anasema hapana, hataki. Mara Marianne anakuwa baridi, anavaa nguo zake na kuondoka, na Connell anabaki akijiona ameharibu jambo asilolijua. Sura inakatika hapo. Dakika tano baadaye Marianne yuko kwao, Alan anamfuata hadi juu, Marianne anajifungia, mlango unasukumwa, damu. Simu kwa Connell. Connell anafika, anamwambia Alan kwamba akimgusa tena atamuua, kisha ndani ya gari anamwahidi Marianne kwamba jambo kama lile halitamtokea tena.

Kiufundi, kurasa hizo hazina dosari. Zimeandikwa kwa wakati uliopo, kila mwendo wa mkono umehesabiwa, na maombi ya kitandani yamewekwa ubavuni mwa kipigo cha nyumbani bila mwandishi kutuambia vinahusianaje. Hahitaji kutuambia. Msichana ametoka kwa mwanaume aliyekataa kumpiga, amekwenda moja kwa moja kwa mwanaume asiyehitaji kuombwa.

Halafu tunafungua ukurasa na kukuta Februari 2015. Wako Dublin, pamoja, na wametulia. Mkesha wa mwaka mpya umeshapita. Busu la usiku wa manane, mbele ya watu wa Carricklea, walewale ambao Connell aliwahi kuona haya wamwone akiwa na Marianne, tunasimuliwa kwa mbinu rejeshi. Na tunaelezwa, kwa maneno yasiyo na kificho, kwamba Marianne amejiweka mikononi mwa Connell, na kwamba kwa kuwa Connell ameamua kumkomboa, basi amekombolewa.

Hapo ndipo ninapogoma. Kuanzia Januari 2011 tumekuwa na msichana anayeamini kwamba kupigwa ni haki yake. Baba yake, kabla hajafa, alimpiga yeye na mama yake. Denise, huyo mama, anamtazama Alan akimdhalilisha dada yake na anasema kosa ni la Marianne. Kisha kuna wapenzi wake, Jamie huko chuoni Trinity, na Lukas huko Uswidi na kamera yake. Rooney aliijenga imani hiyo tofali kwa tofali, kwa subira ambayo waandishi wengi wa rika lake hawana. Ikaja kuvunjwa katikati ya kurasa mbili, mahali ambapo hakuna maandishi.

Wapo watakaonijibu kwamba kuruka wakati ndiyo mbinu ya kitabu kizima. Najua, kila kichwa cha sura baada ya ya kwanza kinatangaza ni muda gani umepita. Lakini tuangalie mapengo mengine yanafanya kazi gani. Baada ya Connell kumwalika Rachel, badala ya Marianne, kwenye dansi ya kumaliza shule, tunarukishwa miezi minne. Pengo hilo limekaa sawasawa, maana kilichomo ndani yake ni ukimya, na ukimya msomaji anaweza kuujaza mwenyewe. Lile la 2012, Connell anaposhindwa kusema kwamba hana kodi na angependa kukaa kwa Marianne, linarudishwa baadaye na tukio lenyewe tunalisikia neno kwa neno. Ndiyo kazi bora kuliko zote kitabuni.

Mwandishi ana ruhusa ya kuruka lolote ambalo ameshampa msomaji vifaa vya kulijenga. Kutengana, Rooney alitupa vifaa vyake tele. Aibu, tele. Kuhusu namna mtu kama Marianne anavyoamka asubuhi moja asitamani kuumizwa, hakutupa kifaa hata kimoja, isipokuwa ngumi za Connell alizozizuia na ahadi aliyoitoa garini.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kifaa kimoja alikuwa nacho mkononi akakiachia. Desemba 2013, Lukas amemfunga Marianne, anaanza kumwambia kwamba anampenda, na Marianne anashtuka, anadai afunguliwe, anavaa na kutoka kwenye baridi. Hakuna aliyemwokoa pale. Connell yuko Dublin. Ni mara ya kwanza katika kitabu mwili wa Marianne unakataa kabla akili haijatoa sababu, na anayekataa ni yeye. Mwandishi yeyote makini angejua kwamba ameshika uzi. Ningetegemea uzi huo uvutwe hadi mwisho. Miezi saba baadaye Marianne anaomba tena kupigwa, jambo ambalo ni kweli kabisa kwa binadamu, watu hurudi nyuma. Ila baada ya kurudi nyuma huko hatumwoni tena akikataa lolote kwa nguvu yake mwenyewe. Anayekataa ni Connell, anayetishia ni Connell, na anayekomboa ni Connell.

Wala asiniambie mtu kwamba mtindo wa Rooney hauwezi kubeba habari za matibabu. Machi 2014, baada ya rafiki yake Rob kujiua, Connell anakwenda kwa Yvonne, mnasihi wa chuo. Tunakaa naye chumba cha kusubiri. Tunajaza naye hojaji, swali kwa swali, na majibu yake tunayaona. Tunamsikia akilia mbele ya Yvonne na kusema kwamba alipoondoka Carricklea aliwaacha marafiki na sasa hana pa kurudi. Sura hiyo imenifanya nimheshimu Rooney. Vidonda viwili basi, kitabu kimoja: cha mwanaume kimepewa mnasihi, karatasi, na sura nzima, cha mwanamke kimepewa mwanaume.

Nimeshawahi kulalamika katika safu hii kuhusu riwaya za mapenzi mazito zinazosomwa sana kwenye simu siku hizi, zile ambazo mwanaume mkali mwenye jeraha lake anamponya mwanamke mwenye jeraha lake kwa kumpenda kwa nguvu. Nimeambiwa nalinganisha visivyolingana, kwamba Rooney, aliyeingia orodha ndefu ya Booker na kushinda tuzo ya riwaya ya Costa mwaka 2018, si wa kundi hilo. Kwa sentensi zake, si wa kundi hilo. Kwa sura yake ya mwisho, amekwenda kukaa nao meza moja.

Na George Eliot ndiye aliyepaswa kumzuia, kwa sababu Rooney mwenyewe alimwalika. Nukuu iliyowekwa mwanzoni mwa kitabu imetoka *Daniel Deronda* ya 1876, na inahusu jinsi mtu anavyoweza kubadilishwa na mguso wa mtu mwingine. Sawa. Lakini Eliot alifanya nini na wazo hilo? Gwendolen Harleth ameolewa na Grandcourt, katili asiyepaza sauti, na Deronda ndiye anayemshika mkono. Grandcourt anakufa maji huko Genoa, Gwendolen anaungama kwa Deronda kwamba alimtakia kifo, na msomaji wa karne ya 19 anakaa kusubiri ndoa. Eliot anakataa. Deronda anamwoa Mirah na kuondoka zake. Gwendolen anavunjika, tunamwona akivunjika, na siku ya harusi Deronda anapata barua yake, ya mwanamke aliyeanza kusimama bila yeye. Mguso umefanya kazi yake, kisha mkono umeondolewa tuone kama kweli mtu amebadilika. Rooney alichukua nukuu akaacha jaribio.

Sisi wenyewe tuna Kezilahabi. Katika *Rosa Mistika* ya 1971, Zakaria anampiga Rosa kwa sababu ya barua ya Charles, na tangu pigo hilo mwandishi hamwachi binti yule. Tunaiona hofu yake kwa wavulana shuleni, tunaiona ikigeuka kuwa kitu kingine chuoni, tunajua ni nani alimtendea nini na alijibu vipi. Kitabu kilipigwa marufuku mashuleni kwa muda, na wapo waliokichukia kwa mwisho wake, Rosa kujiua. Simtakii Marianne kifo cha Rosa. Ninachodai ni hesabu ileile: kama umetuonyesha mkono wa baba ulivyoingia ndani ya binti, tuonyeshe ulivyotoka, au tuonyeshe kwamba haukutoka.

 

Tamthilia ya televisheni ya 2020 iliyotokana na riwaya hii, ya sehemu kumi na mbili, ilipata nafasi ya kusahihisha. Rooney mwenyewe alikuwa miongoni mwa waandishi wake, na Daisy Edgar-Jones, aliyeigiza Marianne, angeweza kubeba miezi saba kwa uso wake tu. Tulionyeshwa Krismasi ya furaha nyumbani kwa kina Connell, na Marianne akiwa mezani kati ya watu wanaomtaka. Picha nzuri, lakini bado ni familia ya Connell ikimpa kitu.

Sura iliyokosekana naiona wazi. Oktoba 2014, mtazamo wa Marianne, Connell ametoka. Denise anapiga simu, au hapigi. Marianne anatamani adhabu kama alivyotamani Julai, na safari hii hakuna wa kumwomba wala wa kumkatalia. Afanye nini? Sijali jibu liwe lipi. Rooney angelipata kwa kurasa kumi.

Bila sura hiyo, uamuzi wa mwisho hauna uzito aliotaka uwe nao. Connell amepata nafasi ya kusomea uandishi New York, na Marianne anamwambia aende, yeye atabaki. Inatakiwa tumwone mwanamke anayeweza kumwachia mtu aondoke bila kusambaratika. Lakini kurasa chache nyuma tumeambiwa kwamba ukombozi wake umo mikononi mwa huyohuyo anayepanda ndege, na mwandishi hakutuachia njia yoyote ya kujua kama Marianne amebaki na chochote kilicho chake.