Swali Analostahili Kila Mgonjwa

Mgonjwa akiketi mbele yangu, humwuliza anaumwa nini na tangu lini. Kisha namwomba anitajie kazi zote alizowahi kufanya tangu ujana, hata zile alizoziacha zamani.

Swali hilo lina mwenyewe. Bernardino Ramazzini, daktari wa Italia aliyezaliwa mwaka 1633, alimwona mtu akizoa uchafu katika shimo la choo nyumbani kwake kwa haraka ya ajabu. Akamwuliza sababu, akaelezwa jinsi kazi ile inavyounguza macho hata wengine wakapofuka. Mwaka 1700 alichapisha kitabu kizima juu ya maradhi ya wafanyakazi, akawasihi madaktari waongeze swali la kazi juu ya yale waliyorithi kwa Hippocrates. Alitaka pia daktari akiingia nyumba ya maskini aketi, hata kama ni kwenye kigoda, asikilize kwanza. Kwangu mimi hapo ndipo ulipo ufundi wa tiba. Vipimo hufuata.

Hapa Kakamega swali hilo lilinifikisha Kilembe.

Mzee mmoja alikuja na kikohozi cha miaka, amekonda, akipanda mwinuko mdogo lazima asimame. Kadi yake ilisema "mkulima". Alikuwa amemeza dawa za TB zaidi ya mara moja, ingawa makohozi yake hayakuwahi kuonyesha vijidudu. Nilipomwuliza kazi za ujana, akanyoosha mgongo.

"Daktari, mimi nilikuwa mtu wa baruti."

Alikuwa amefanya kazi magharibi mwa Uganda, chini ya milima ya Rwenzori, katika mgodi wa shaba wa Kilembe, ulioanza uzalishaji mwaka 1956, mwaka ambao reli ilifika Kasese. Shaba ilisafirishwa hadi Jinja ikayeyushwe. Kwa mikono yake mikavu alinionyesha jinsi mwamba unavyotobolewa na jinsi baruti inavyosukumwa taratibu ndani ya tundu. Walihesabu milipuko kwa sikio, maana ikipungua mmoja, kuna baruti iliyolala na inayongoja kuua mtu. Yeye ndiye aliyetangulia kuingia kukagua, hewa ikiwa bado nyeupe kwa vumbi. Alisimulia kwa fahari, na alistahili fahari hiyo.

Foleni ilikuwa ndefu nje, nami sikumkatiza. Mwaka 1984 Beckman na Frankel, watafiti wa Marekani, walionyesha kwamba madaktari waliowachunguza walimkatiza mgonjwa baada ya sekunde 18 kwa wastani. Katika sekunde 18 mzee huyu asingekuwa amefika hata mpakani Busia.

Nilipoitazama upya picha yake ya eksirei, ilisomeka. Vinundu vidogo vilijaa sehemu za juu za mapafu, na tezi za katikati ya kifua zilikuwa na ukingo mweupe kama ganda la yai. Ilikuwa silikosisi, ugonjwa wa vumbi la mawe. Unaweza kujitokeza miaka mingi baada ya mtu kuuaga mgodi, hauna dawa ya kuufuta, na huifungulia TB mlango. Kwa hiyo kumwangalia kwa TB kuliendelea, ila kumlisha dawa zake bila ushahidi kulikoma. Nilipomweleza, alinyamaza, kisha akasema, "Wenzangu wa zamu ile walikohoa hivi hivi."

Namkumbuka kila ninapopita Rosterman. Dhahabu iligunduliwa Kakamega mwaka 1931, na mgodi wa Rosterman ukafungwa mwaka 1952, lakini uchimbaji haukuisha. Vijana wa Ikolomani bado wanashuka mashimoni, na mawe yanasagwa kwa mashine huku wasagaji wakipumua vumbi bila kinga. Wengine hukamata dhahabu kwa zebaki, ambayo mvuke wake huharibu mishipa ya fahamu. Wakifika kliniki, wengi wataandikwa "mkulima" au "bodaboda", nao hawatakuwa wamedanganya.

Madaktari wenzangu, na ninyi maafisa wa kliniki mnaobeba wagonjwa wengi kutuzidi, ulizeni kazi ya zamani. Nawe msomaji, ukienda kutibiwa, usingoje kuulizwa. Taja mgodi, taja kiwanda, taja kazi uliyofanya Dubai au Doha, na umwambie daktari ulipumua nini huko.