Nani Yuko Ndani? Neno juu ya Sinema za Watu Waliofungiwa

Kuna sinema za namna moja ambazo vijana wetu wanazipenda kupita nyingine. Watu wachache wamefungiwa pahali padogo, saa inapita, na hatari iko mlangoni. Pahali pale ni chumba, ao mashua, ao behewa la treni, ao mahandaki ambayo askari wamejichimbia. Mwenye kutazama anasahau hata kumeza mate. Mapadri wamoja wanaziita mchezo wa bure tu. Sisi hatusemi hivyo. Hadisi za namna hii zina nguvu yao, na sisi watu wa Kamina tuna sababu ya kuziangalia kwa macho makali, maana mbili kati yao zimetwaa vita vya inchi yetu, na njia za vita vile zilipita hapa kwenye Base.

Ya kwanza ni The Siege of Jadotville, ya Richie Smyth, iliyotoka mwaka 2016. Inaeleza mambo yaliyotokea kweli. Mwezi wa 9 mwaka 1961, kompani moja ya askari wa Irlandi, watu zaidi ya 150, walikuwa Jadotville (ndiyo Likasi ya leo) kwa kazi ya ONU. Tarehe 13 asubuhi, wengi wao walipokuwa katika Misa, askari wa Katanga pamoja na Wazungu wa kupigana kwa mshahara wakawashambulia, wakawazingira mpaka tarehe 17. Msaada uliotoka Elisabethville ulikwama kwenye daraja la Lufira. Helikopta moja iliwaletea maji, lakini vyombo vyake vilikuwa vimetiwa mafuta ya motokari zamani, na maji hayakunyweka. Ndege ya Fouga iliwapiga toka juu; ONU haikuwa na ndege ya vita ya kuifukuza. Siku zile zile Fouga ilikuja kupiga hata Base yetu, iliyokuwa mikononi mwa ONU. Wairlandi hawakufa hata mmoja. Mwisho walijitoa, wakakaa kifungoni mpaka mwezi wa 10.

Kwa ufundi, filimu hii tunaisifu. Sauti ya redio inaahidi msaada, msaada haufiki, na wewe unayetazama unaanza kuhesabu masasi pamoja na kamanda Quinlan. Lakini tafuta humo Mkongo mmoja wa kawaida mwenye jina, mwenye mama, mwenye kiu. Tshombe yumo, kwa kuwa ni mkubwa. Askari wa Katanga wanakuja kama nyasi mbele ya moto: wanaanguka, wengine wanatokea, wanaanguka tena. Na ule mji je? Jadotville ulikuwa mji wa wafanyakazi wa Union Minière, wake zao na watoto wao. Nao pia walisikia mizinga siku tano zile. Kamera haikupiga hodi kwao.

Ya pili ni ya zamani: Dark of the Sun, ya Jack Cardiff, mwaka 1968, ile ambayo Wafaransa waliiita Le Dernier Train du Katanga. Treni ile ya Katanga, ndugu wasomaji, ilipigwa picha kule Jamaika! Aliyewahi kungojea treni kwenye gare ya Kamina atacheka. Hata hivyo sinema yenyewe imepangwa vizuri sana. Askari wa mshahara wamekuja na treni kuokoa watu na almasi. Almasi ziko ndani ya sanduku la chuma lenye saa, halifunguki mpaka saa yake itimie, na waasi wanakaribia. Kiisha treni inaondoka, na behewa la nyuma linakatika, linaanza kurudi polepole kule kule walikotoka, limejaa watu. Hakuna anayeweza kulisimamisha. Tumeona machache katika sinema yanayoshika roho kama lile behewa.

Humo yumo Mkongo mwenye jina, sajini Ruffo, naye ndiye mtu bora kupita wote. Anachezwa na Jim Brown, mtu wa Marekani. Lakini ameandikiwa kufa kwa mkono wa mwenzake mbaya, Henlein, kusudi Mzungu mkubwa wa hadisi apate sababu ya hasira. Tangu pale hadisi inakuwa ya hasira ile. Ruffo aliingizwa katika treni kama vile mtu anavyoingiza kuni: za kuwasha.

Hapo ndipo tunaona kosa la sinema hizi, na si kosa la siasa tu, ni kosa la ufundi. Alfred Hitchcock alieleza tofauti hii: bomu likilipuka ghafla chini ya meza, mtazamaji anashtuka mara moja tu, lakini akijua tangu mwanzo kwamba bomu liko pale, na watu wanaendelea kuzungumza, anashikwa na mashaka muda wote. Ni kweli, lakini haitoshi. Mashaka yanakuwa mazito kadiri ya uzito wa watu walioketi mezani. Walio nje, wakiwa kundi lisilo na uso, wanabaki kama mvua ao simba wa porini. Na habari ya mvua haimlazi mtu macho.

Tazama Robert Bresson, Mfaransa, katika Un condamné à mort s'est échappé, ya mwaka 1956. Jina lenyewe limekwisha kukuambia kwamba mfungwa atatoroka! Karibu mambo yote ni ndani ya boloko ya Montluc, mji wa Lyon, wakati wa Wajerumani. Luteni Fontaine anachonga mbao za mlango wake kwa kijiko alichokinoa. Tunaukaribia mlango ule kana kwamba ni wetu. Kiisha, alipokuwa tayari, wakamwingizia kijana mmoja chumbani, Jost. Ni mpelelezi ao ni maskini mwenzake? Amuue, ao amwamini na kutoroka naye? Toka hapo hofu haiko tena mlangoni, imeketi kitandani mbele yake, ina macho na umri. Sinema ya Jadotville haina saa moja kama ile.

Na si kwamba mambo ya namna hii yalikosekana kwetu. Tarehe 22 mwezi wa 11 mwaka 1964, askari Wabeleji wa parashiti walifika Base ya Kamina katika ndege za C-130 za Marekani, wakitoka kisiwa cha Ascension. Walingojea hapa mpaka usiku wa kuamkia tarehe 24. Wakati ule ule, Stanleyville, mateka wa kizungu walikuwa katika Hoteli Victoria, nao wanangoja. Ndege ziliposikika alfajiri, mateka walitolewa njiani, na wengine wakapigwa risasi kabla askari hawajafika. Hadisi ile imesimuliwa mara nyingi. Lakini katika mji ule ule Simba walikuwa wamekwisha kuua Wakongo wengi zaidi, makarani na wakubwa wa serikali, mbele ya sanamu ya Lumumba. Wale hawakujiwa na ndege yo yote.

Tarehe 26 Wabeleji waliingia Paulis, ndiyo Isiro. Kiisha wakarudi Kamina. Walipokwisha kuondoka, masista wa Bafwabaka waliletwa Isiro katika kamio, wakafungiwa katika nyumba moja, na usiku wa kuamkia tarehe 1 mwezi wa 12 Anuarite akauawa. Tunajua yaliyosemwa usiku ule kwa sababu masista wenzake waliishi wakayasimulia wenyewe. Hii ndiyo hadisi ya mlango uliofungwa iliyosemwa na walio ndani, na kila jina limo.

Juu ya Base yetu hatujaona bado filimu wala kitabu cha namna hiyo. Usiku ule wa mwezi wa 11 kulikuwa na Wakongo waliokaa na kufanya kazi hapa, walioziona ndege zikipanga mstari na hawakuambiwa ziendako. Wenye kukumbuka wanapungua kila mwaka. Mwenye kalamu aanzie kwao, kabla mwingine hajaenda kutupigia picha Jamaika.