Breki Zilizochanganywa: Namna ya Kuisoma Land Rover ya Series katika Gereji za Langas

Land Rover za Series zimebaki kuwa gari la kale linalofufuliwa kwa bidii katika nyanda za ngano na mahindi za Uasin Gishu, kwa sababu chesisi yake hutengenezeka kwa welding ya kawaida na bodi yake ya alumini haili kutu upesi. Series II ilitoka mwaka 1958, IIA mwaka 1961, na III mwaka 1971 hadi uzalishaji wake ulipokoma mwaka 1985. Magari mengi ya toleo hilo la tatu yaliyouzwa Kenya yaliunganishwa Thika, katika kiwanda kilichojulikana wakati huo kama Leyland Kenya. Kwa muda wote huo vipande vingi viliendelea kuingiliana kutoka toleo moja hadi jingine, na urahisi huo, uliomfaa mkulima aliyekuwa mbali na duka la spea, ndio unaomsumbua leo fundi wa Langas, mtaa wa Eldoret ulio kwenye barabara ya kuelekea Kapsabet na Kisumu, anapoletewa gari ambalo breki zake zimekusanywa kutoka kwa magari mawili au matatu tofauti.

Kosa la msingi katika kazi hii ni kuagiza spea kwa kufuata jina la gari. Nambari iliyogongwa kwenye chesisi, karibu na kishikilio cha springi ya mbele upande wa kulia, huthibitisha chesisi peke yake, na logbook hunakili nambari hiyo hiyo. Hakuna kati ya hizo mbili inayojua kwamba ekseli ilibadilishwa miaka thelathini iliyopita. Breki zinapaswa kusomwa kutoka kwenye chuma chenyewe, na zisomwe kama mfumo mmoja unaoanzia kwenye pedali na kuishia kwenye dramu, yaani lile bakuli la chuma linalozunguka pamoja na gurudumu na kubanwa kutoka ndani na brekishuu.

Hatua ya kwanza ni kuvua dramu zote nne na kupima kipenyo chake cha ndani. Gari fupi, ambalo umbali kati ya ekseli zake ni inchi 88, lilitoka kiwandani na dramu za inchi 10, sawa na milimita 254, na lainingi za brekishuu zenye upana wa inchi 1.5, ilhali gari refu la inchi 109 lilikuwa na dramu za inchi 11, sawa na takriban milimita 279, na lainingi pana zaidi. Mwaka 1980 gari fupi nalo lilianza kupewa dramu za inchi 11, na kwa hiyo gari fupi lenye dramu kubwa linaweza kuwa halali kabisa au kuwa limebadilishwa, kutegemea mwaka wake. Wakati wa kusafisha, vumbi la lainingi za zamani lilowanishwe na kufutwa kwa kitambaa, wala lisipulizwe kwa upepo wa kompresa, kwa kuwa lainingi hizo zilitengenezwa kwa asbesto, madini ambayo nyuzi zake husababisha saratani ya mapafu.

Tofauti iliyo muhimu kuliko ukubwa wa dramu imo ndani, katika idadi ya silinda za gurudumu, ambazo ni mirija mifupi yenye pistoni zinazosukumwa na mafuta ya breki. Breki ya mbele ya inchi 10 ina silinda moja yenye pistoni mbili, kila moja ikisukuma brekishuu yake. Gari linapokwenda mbele, dramu huivuta brekishuu moja ijibane zaidi, na hiyo huitwa brekishuu inayoongoza, ilhali ya pili, inayofuata, husukumwa nyuma na dramu na kutoa nguvu ndogo. Breki ya mbele ya gari refu ina silinda mbili katika kila gurudumu, zilizounganishwa kwa kibomba kifupi, na kila silinda husukuma brekishuu moja upande mmoja tu, ili brekishuu zote mbili ziongoze. Kwa sababu hiyo silinda hizo na sahani zinazozishikilia zina upande wake, wa kushoto na wa kulia. Zikibadilishwa pande zitafungika vizuri bila kuvuja, lakini brekishuu zote mbili zitakuwa zinazofuata: gari litashika breki barabara likirudi nyuma na litakuwa dhaifu mno likienda mbele. Gari lenye dalili hiyo lisiongezewe lainingi mpya kabla mpangilio wa silinda haujakaguliwa.

Mabadiliko yanayopatikana mara nyingi ni kufunga breki za mbele za gari refu kwenye gari fupi, na kwa kweli ni mabadiliko mazuri, kwa kuwa mashimo ya boliti hulingana na nguvu ya kusimamisha gari huongezeka. Hitilafu hutokea pale aliyebadilisha anapoishia kwenye magurudumu na kuiacha masta silinda ya zamani, ile pampu inayosukumwa na pedali. Breki za mbele za gari refu huhitaji mafuta mengi zaidi kuliko za gari fupi, hivyo pedali huzama karibu na sakafu kabla brekishuu hazijagusa dramu, na fundi asiyejua chanzo hutoa upepo kwenye mabomba mara kwa mara akidhani hewa imebaki ndani. Kipimo chenyewe si kigumu: pedali ikikanyagwa mara mbili upesi ikapanda na kuwa ngumu, ingawa upepo umeshatolewa na brekishuu zimerekebishwa ipasavyo, masta silinda ishukiwe.

Vipenyo vya ndani vya silinda navyo vipimwe kwa vanieri, kushoto na kulia, kwa sababu nguvu hutegemea eneo la pistoni, na eneo hukua kwa mraba wa kipenyo. Silinda ya inchi moja husukuma kwa nguvu iliyozidi ile ya inchi 7/8 kwa asilimia 30 hivi, shinikizo la mafuta likiwa lile lile. Zikiwekwa kwenye ekseli moja, gari litavuta upande mmoja kila breki inapokanyagwa, na hakuna marekebisho ya usukani yatakayoliponya.

Hatari kubwa kuliko zote, kwa maoni ya uchambuzi huu, imo katika hesi, yaani mikato ya mzunguko inayoshikanisha nati ya bomba na silinda. Land Rover za awali zilitumia hesi za Kiingereza za BSF, zilizofuata zikatumia UNF, na spea za miaka ya mwisho zikaja kwa vipimo vya milimita. Nati ya UNF ya inchi 3/8 ina kipenyo cha milimita 9.5 na mikato 24 kwa inchi. Tundu la M10 lenye hatua ya milimita moja lina kipenyo cha milimita 10 na mikato 25 na kidogo kwa inchi. Ukaribu huo ndio mtego wenyewe, kwani nati ya inchi huingia kwenye tundu la milimita na hata kuonekana imekaza, ilhali imeshika kwenye ncha za mikato tu, na mguu wenye nguvu unaweza kuing'oa siku ambayo breki inahitajika kuliko siku nyingine yoyote. Nati ya M10 nayo hukataa kuingia kwenye tundu la inchi, na kukataa huko ni heri. Geji ya hesi, ambayo ni seti ya vibapa vyenye meno, hutoa jibu papo hapo, na gereji inayofufua magari ya kale bila kuwa nayo haijajiandaa kwa kazi hiyo.

Mazingira ya Eldoret huongeza jambo ambalo vitabu vya kiwandani haviligusii. Mji huo uko kwenye mwinuko wa takriban mita 2,100, ambapo shinikizo la hewa ni pungufu kwa zaidi kidogo ya moja ya tano, kulinganisha na Mombasa. Busta, chombo kinachoongeza nguvu ya mguu kwa kutumia tofauti kati ya hewa ya nje na ombwe la injini, hupoteza msaada wake kwa kiasi kama hicho, hivyo pedali iliyo nzito kidogo huko si ushahidi wa spea isiyolingana. Upande wa pili, barabara ya Iten kwenda Kabarnet huteremka zaidi ya mita 1,000 kupitia Tambach hadi Bonde la Kerio, na mteremko huo hupasha dramu moto kiasi cha kufichua kasoro yoyote iliyojificha kwenye barabara tambarare za mjini.

Mwenye gari anayetaka kubaki na breki za inchi 11 kwenye gari fupi hana sababu ya kuzivua, mradi silinda, masta silinda na mabomba yawe ya familia moja ya hesi na vipimo. Anachoombwa ni kuviandika vipimo hivyo kwenye karatasi ikae pamoja na logbook, na kutoliteremsha gari hilo Tambach kabla kila ekseli haijajaribiwa polepole kwenye uwanja ulio sawa.