Kinjeketile na Msomaji wa Buha

Mchezo wa Kinjeketile, uliotungwa na Ebrahim Hussein na kutolewa mwaka 1969, wahusu Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Vita hivyo vilienea kusini na mashariki, tangu Umatumbi hata Ungoni; havikufika nyanda za juu za Kigoma. Waha wa Heru, huko Kasulu, na wa Muhambwe, huko Kibondo, hawakunywa maji yale. Hata hivyo mchezo huu umesomeshwa katika shule za sekondari za nchi nzima, na kijana wa Kiha huusoma kama habari za wazee wake. Yafaa kuuliza mtungaji ameifanyia nini historia hata hilo likawezekana.

Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alipagawa na pepo Hongo mwaka 1904. Wajerumani walimnyonga huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, siku chache tu baada ya vita kuanza. Hakuyaona maangamizi yaliyofuata. Hussein amwongezea maisha. Kinjeketile wa mchezo yu hai hata baada ya watu wake kushindwa. Ashikwa na shaka juu ya neno alilolileta mwenyewe. Na akiwa kifungoni, akataa kukiri kwamba maji yalikuwa uongo. Mtungaji mwenyewe, katika utangulizi wake, asema wazi kwamba mtu huyu ni kiumbe cha fikira.

Badiliko hilo si pambo. Laiti Kinjeketile angalikufa mapema, kama katika historia, mchezo ungalibaki msiba wa Wamatumbi na jirani zao. Kwa kumweka hai akabiliane na kushindwa, Hussein alitenga neno na dawa: dawa yashindwa, neno la umoja lasalia. Kwa taifa lililokuwa na miaka minane tu ya uhuru, neno lisilofungwa na kabila wala mahali lilikuwa na faida kubwa. Hata Mha aweza kulirithi.

Lakini urithi huo ni wa wazo, si wa tukio. Mwalimu wa Kasulu au Kibondo afundishaye mchezo huu kana kwamba ni kumbukumbu ya vita huwapa wanafunzi wake wazee wasio wao, na huwanyima wale walio wao, ambao nao walikutana na Mjerumani kwa njia yao. Hussein hakuwataka wasahauliwe. Umoja alioutunga wahitaji historia ya Heru na Muhambwe isomwe kando yake.