Istiara ya Kusadikika

Hapa Nyalenda, mtaa wa Kisumu, jioni vijana wanapojisomea vibarazani, aghalabu utamsikia mmoja akikariri tamathali za usemi kwa ufasaha wa kupigiwa mfano, tashbihi ukurasa huu na tashihisi ukurasa ule. Lakini ukimwomba akusimulie kisa chenyewe hunyamaza, kwa kuwa kitabu alichokisoma ni mwongozo, na riwaya hajapata kuifungua.

Huyo amedhulumiwa, na najua alichonyimwa. Sisi wa mwambao huu wa ziwa, tuliolelewa kwa ngero, yaani methali za Kijaluo, za bibi katika siwindhe, nyumba yake ya masimulizi, tulipoisoma Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1951, hatukungoja kufafanuliwa istiara. Nchi ile inaelea angani, haina hata shubiri ya ardhi chini yake, ilhali ina mfalme, ina baraza, ina gereza. Mshitaki jina lake Majivuno. Mshitakiwa jina lake Karama, na kosa lake ni kutaka watu wasomeshwe sheria. Naye katika kujitetea anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande nne za dunia, na mbinguni, na ardhini, ambao kila mmoja alirejea na hidaya ya maarifa akalipwa kifungo. Mwandishi alikuwa karani wa serikali ya kikoloni katika Tanganyika. Hakumtaja gavana hata mara moja, wala hakuwa na haja hiyo, maana alisimulia mambo ya mawinguni na msomaji akaitambua nchi yake mwenyewe. Ukiiondoa istiara hiyo, hakibaki kisa.

Na ni nani aliyepata kueleza husuda ya ndugu kuliko alivyofanya yeye mwaka 1952 katika Adili na Nduguze? Hasidi na Mwivu, ndugu za Adili, wamegeuzwa manyani, na Adili, ambaye moyo wake ungali unawahurumia, analazimika kuwachapa kila usiku. Nilipoisoma mara ya kwanza nilifunga kitabu, nikawafikiria ndugu zangu waliolala chumba cha pili, na usingizi ukanipaa.

Hofu ile haikaririki, wala haina alama katika mtihani. Nawasihi walimu wetu wa Kisumu wampe mwanafunzi riwaya nzima, aisome mpaka imguse, ndipo wamwulize ni tamathali gani iliyotumika.