Mnyama wa Kiswahili, Nguvu za Kiingereza

Kuna raha fulani ambayo msomaji wa Marekani hawezi kuipata akisoma trilojia ya Ayana Gray. Wahusika wanaingia msituni kumwinda mnyama anayeitwa Shetani, na wewe uliyekaa kiti cha dirisha kwenye matatu ya Kitengela huhitaji mtu akufafanulie kitu. Unajua tayari. Unakutana na watu wenye vipaji vilivyotoka kwa miungu, wanaitwa daraja, na unasimama hapo kidogo: daraja la kuvukia mto ama daraja la cheo? Kumbe zote mbili zinaingia. Mtu aliye kiungo kati ya mbingu na ardhi ni daraja kweli. Sijui kama mwandishi alikusudia maana hizo zote, lakini lugha yenyewe ilikusudia, na mimi nikazipokea bure.

Kwa wasiozijua, riwaya ni tatu: *Beasts of Prey* (2021), *Beasts of Ruin* (2022) na *Beasts of War* (2024). Gray ni Mmarekani mweusi, na bara lake la kubuni, Eshōza, limechota kotekote Afrika. Koffi ni jina ungelisikia Ghana. Lakini sehemu kubwa ya sauti ya dunia ile ni Kiswahili, na ndiyo maana nimezifuata hadi mwisho. Nimemaliza cha tatu, na hisia zangu ni mbili, kila moja nzima. Nimefurahi. Pia nimeudhika. Wacha nieleze, na nakuonya mapema kwamba siri ya kitabu cha kwanza nitaitoboa. Mwisho wa cha tatu nitakuachia mwenyewe.

Kilichonishika tangu mwanzo hakikuwa uchawi. Kilikuwa deni. Koffi na mama yake wanafanya kazi ya kutunza wanyama katika bustani ya maonyesho ya usiku, wakilipa madeni ambayo baba aliwaachia. Anapoamua kumsaka Shetani, hataki kuokoa dunia. Anataka zawadi ili mama awe huru. Ekon, kijana anayetaka kuwa shujaa wa mji wa Lkossa, anatafuta heshima aliyoipoteza. Yeye huhesabu vitu ili atulize akili, vidole vikipigapiga kwa tatu tatu. Hawa ni watu ninaowajua bana. Nani hapa Kenya hajaamka na kukuta Fuliza imemeza pesa kabla hajazishika? Nani hana mtu nyumbani anayelipa mkopo ambao hakuuchukua yeye? Fantasia ikianzia kwenye deni, hata kama kuna miungu sita na msitu unaokula watu, naiamini.

Sasa katika *Beasts of War* shida imekua. Koffi ametoka mikononi mwa Fedu, mungu wa kifo, ambaye anataka kuitumia nguvu iliyo ndani yake kuangamiza ulimwengu. Lazima yeye na Ekon wafike nyanda za Kusonga kabla ya tukio la angani linaloitwa Bonding, na njiani watafute wa kuwasaidia. Ni safari yenye tarehe ya mwisho. Kuwaona hawa wawili pamoja tena, baada ya kitabu cha pili kuwatenganisha, ni furaha ambayo sitajifanya sikuihisi. Lakini dunia nzima ikiwa hatarini, deni la mama linakuwa kitu kidogo. Hiyo ndiyo shida ya vitabu vya mwisho vya namna hii, si vya Gray peke yake. Kila mwandishi anahisi lazima aongeze ukubwa: kijiji, halafu nchi, halafu ulimwengu. Ukweli ni kwamba ulimwengu ukiisha sisi sote tunaisha, kwa hivyo hakuna aliyepoteza zaidi ya mwingine. Mama akibaki kwenye deni, kuna mtu mmoja tu anayelia. Mimi huyo mmoja ndiye niliyemfuata.

Kuna jambo la pili, nalo linahusu mahali ninaposomea. Kitengela tunapakana na Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Pande nyingine za mbuga zina ua, lakini upande wa kusini, upande wetu, uko wazi, na wanyama hupita. Juni 2012 simba sita waliuawa Ilmasin baada ya kuvamia mifugo. Wenye mifugo walikuwa na hasira yao, na watetezi wa wanyama walikuwa na yao. Huku huku ndiko alikotoka Richard Turere, ambaye akiwa na miaka 11 alitundika taa za kumetameta kuzunguka boma la ng'ombe wa kwao, simba wakadhani kuna mtu anatembea na tochi, wakaogopa. Mwaka 2013 akasimama kwenye jukwaa la TED kulieleza jambo hilo. Kwa hivyo mtu wa hapa akisoma kuhusu mnyama anayesumbua mji, hasomi ngano tupu. Anasoma swali linaloulizwa kwenye baraza za chifu: mnyama akiua, tumuue, ama tujue kwanza kimemleta nini?

*Beasts of Prey* ilijibu swali hilo vizuri sana. Shetani waliyemsaka ni msichana, Adiah, daraja wa zamani aliyebeba nguvu nyingi mno mwilini ili kuzuia maafa, zikambadilisha umbo. Jina baya alibandikwa na watu waliomwogopa. Nilipofika hapo nilifunga kitabu na kukaa kimya vituo viwili vizima, kwa sababu neno ambalo nimelijua tangu utotoni lilikuwa limepinduliwa mbele yangu. Kitabu cha mwisho hakina pinduo kama hilo. Adui ni mungu anayetaka kuangamiza, na unampinga. Hakuna cha kujiuliza. Jalada linasema wanyama na vita. Vita nimevipata. Mnyama anayenilazimisha kufikiri alibaki kitabu cha kwanza.

Hata hivyo, hayo yote ningeyasamehe. Linaloniwasha ni majina.

Eneo la Lkossa na lugha inayosemwa huko vinaitwa Zamani. Fikiria. Lugha ninayoitumia kununua nyanya, kugombana na kondakta na kumtumia mpenzi wangu meseji, kwenye dunia hii inaitwa Zamani. Ukitaka kuitetea, unaweza. John Mbiti, yule mwanafalsafa wetu wa Kitui, alilitumia neno hilo katika *African Religions and Philosophy* (1969), akalifanya kuwa bahari ya wakati ambamo kila cha sasa hatimaye huzama, makao ya visasili. Kwa maana hiyo, Zamani ni jina zuri kabisa la nchi ya miungu. Lakini Mbiti aliliweka sambamba na Sasa. Hapa Sasa haipo. Iko Zamani peke yake.

Halafu nyanda za Kusonga. Nisamehe, ila kila nikisoma jina hilo naona mwiko na sufuria ya ugali. Najua kusonga ni kuendelea mbele pia, na kwa safari ya mwisho ni jina lenye mantiki. Nilicheka hata hivyo, na sikucheka kwa dharau. Nilicheka kama mtu aliyemwona shangazi yake kwenye filamu ya Hollywood.

Kicheko kiliisha nilipojiuliza ile nguvu yenyewe inaitwaje. Nguvu iliyomgeuza Adiah, iliyo ndani ya Koffi, ambayo Fedu anaiwinda. Inaitwa splendor. Maafa ya miaka mia iliyopita ni Rupture. Tukio ambalo kitabu chote cha tatu kinalikimbilia ni Bonding. Angalia mgawanyo ulivyo. Mnyama ana jina la Kiswahili. Mahali, Kiswahili. Mbeba nguvu, Kiswahili. Lakini nguvu, jeraha la historia na saa ya ukombozi, vyote Kiingereza. Lugha yangu imepewa kazi ya kupamba na kutisha. Kazi ya kubeba maana imepewa nyingine. Katika vitabu viwili vya kwanza sikuona, kwa sababu nilikuwa bado nafurahia kutambua maneno. Kitabu cha mwisho ndicho kinacholipa hesabu, na hesabu ikilipwa ndipo unaona nani alikuwa na sarafu gani.

Nilijaribu kutafsiri, kwa mchezo tu. Bonding ingekuwa Muungano, lakini Mtanzania angekumbuka Aprili 1964, Nyerere na Karume. Splendor ndiyo iliyonipa zawadi. Neno ni fahari. Fahari ni utukufu, na fahari ni dume la ng'ombe, yule ambaye wawili wake hawakai zizi moja. Hebu fikiria kitabu hiki chote na neno hilo likiwa katikati yake: msichana aliyebeba fahari kifuani, na mungu mwenye fahari yake, na zizi ni ulimwengu. Kwa mtu wa Kajiado, ambako utajiri bado una pembe na kwato, picha hiyo ingejieleza yenyewe. Ilikuwepo kwenye lugha, ikisubiri. Haikuitwa.

Je, nimkasirikie Gray? Hapana, na sisemi hivyo kwa adabu tu. Wamarekani weusi wana historia ndefu na Kiswahili. Mwaka 1966 Maulana Karenga alianzisha Kwanzaa na kanuni zake saba, Umoja hadi Imani. Mwaka huohuo *Star Trek* ikatuletea Uhura, jina lililotoka kwenye uhuru. Mababu wa wengi wao walitekwa Afrika Magharibi na ya Kati, si huku. Walikichagua Kiswahili kwa sababu hakikuwa cha kabila moja, na mtu aliyenyang'anywa kabila alihitaji lugha ambayo mlango wake uko wazi. Kuwafungia leo eti hawakitumii sawasawa ungekuwa uchoyo. Na sisi hapa je? Kajiado ni Olkejuado ya Kimaa, mto mrefu. Maelfu yetu tuliohamia kaunti hii kutafuta ploti tunalitamka jina hilo kila siku bila kusikia maji yoyote. Jina la mtu ni rahisi sana kuligeuza kibao cha barabarani.

Kwa hivyo swali si nani aliruhusiwa. Swali ni neno linafanya kazi gani likishafika kwenye ukurasa. Khadija Abdalla Bajaber wa Mombasa aliandika *The House of Rust* (2021), pia kwa Kiingereza, kuhusu msichana anayeingia baharini kwa chombo cha mifupa, pamoja na paka anayeongea, kumtafuta babake mvuvi. Kikashinda tuzo ya kwanza kabisa ya Ursula K. Le Guin mwaka 2022. Kinachosakwa ni baba mmoja, na inatosha. Kiingereza chake kinapumua Kimombasa hata pale ambapo hakuna neno la Kiswahili. Na kwa Kiswahili chenyewe, Kezilahabi alikuwa ameshaivunja mantiki ya kawaida katika *Nagona* na *Mzingile* mwanzoni mwa miaka ya 1990, naye Kyallo Wadi Wamitila akatuletea *Bina-Adamu!* mwaka 2002. Hao nguvu, jeraha na ukombozi waliviita kwa Kiswahili. Shida ni kwamba wengi wetu tunakutana nao, kama tunakutana nao, wakiwa na maswali ya mtihani nyuma yao.

Hapo ndipo linaponigusa. Mtoto wa dadangu yuko kidato cha tatu, anasoma Kajiado mjini. Amezisoma zote tatu, za kwanza mbili kwa simu yangu, na sasa anaandika yake kwenye daftari la hesabu. Ina mungu mweusi na mungu mwekundu, sura mbili za Enkai ambazo bibi wa jirani alimsimulia. Wahusika wana majina mazuri ya Kiswahili na Kimaa. Mazungumzo yote ni Kiingereza. Nilimuuliza kwa nini asijaribu hata sura moja kwa Kiswahili. Akaniangalia kama nimemwambia avae yunifomu Jumamosi. "Anti, kwa Kiswahili itasaundi kama insha."

Sikuwa na jibu la haraka. Ana haki. Kiswahili alichopewa ni cha methali mwanzoni na funzo mwishoni, alama ishirini. Gray, mtu wa mbali, ndiye aliyemwonyesha kwamba neno la Kiswahili linaweza kutisha gizani. Hilo ni deni, na mimi nalitambua. Lakini trilojia hiyo hiyo imemfundisha pia neno hilo likae wapi: kwenye ramani, kwenye jina, kando.

Kwa hivyo, ukiniuliza kama usome *Beasts of War*, nitasema soma. Soma cha kwanza kwa ajili ya Adiah. Soma cha mwisho kwa ajili ya Koffi na Ekon, kwa sababu ukishatembea na watu vitabu viwili huwaachi njiani. Ila kila ukifika penye splendor, weka fahari, kisha uone sentensi inakuwaje. Mimi nilifanya hivyo kurasa mia za mwisho. Daftari lile la hesabu nalo nimelirudisha likiwa na alama moja tu ya penseli, kwenye ukurasa ambapo mungu mwekundu anafungua mdomo kwa mara ya kwanza. Nimeandika pembeni: huyu angesema nini kama angekuwa anakugombeza wewe?