Tusihukumu nomino, tuchunguze kitenzi na shamirisho

Je, jamii inayojivunia ustahimilivu inapaswa kuwastahimili hata wale wasiowastahimili wenzao? Mwanafalsafa Karl Popper alilijadili swali hili katika tanbihi ya kitabu chake The Open Society and Its Enemies cha mwaka 1945. Wengi humnukuu nusunusu, eti alisema tuwanyamazishe wote wenye chuki. La hasha! Popper alionya kwamba ustahimilivu usio na mpaka hujiangamiza wenyewe, lakini akaongeza kuwa maadamu maoni hayo yanaweza kujibiwa kwa hoja, kuyapiga marufuku si busara.

Kiswahili kina la kutufunza hapa. Kitenzi ‘stahimili’ kina asili ya Kiarabu na kinachangia mzizi na ‘himili’, ‘mhimili’ na ‘hamali’, yule mchukuzi wa mizigo bandarini. Kustahimili basi ni kubeba. Maneno yanayonifurahisha hayana uzito wowote begani mwangu. Hakuna anayestahimili sifa! Tunastahimili yanayotuudhi. Kwa hivyo, anayedai kuwa mstahimilivu huku akitaka kila kauli inayomkera ifungiwe, huyo hajabeba kitu bado. Ila hata hamali hupima mzigo. Upo unaochosha mgongo, na upo unaouvunja.

Tunaupimaje basi? Kifungu cha 33 cha Katiba yetu ya 2010 kinalinda uhuru wa kujieleza, lakini hakilindi uchochezi wa ghasia wala matamshi ya chuki. Hapo sina ugomvi. Ugomvi wangu ni na njia iliyotumiwa Aprili 2022, uchaguzi ulipokuwa ukibisha hodi, wakati NCIC, yaani Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, ilipotoa orodha ya maneno iliyoyahusisha na chuki. Humo mlikuwa na ‘madoadoa’, ‘kwekwe’ na ‘mende’. Mlikuwa pia na ‘chunga kura’ na ‘hatupangwingwi’.

Nia naielewa. ‘Madoadoa’ si neno la mzaha nchini humu. Lilitumiwa katika machafuko ya Bonde la Ufa mwanzoni mwa miaka ya 1990 kuwaita watu walioonekana kuwa ‘wageni’ katika ardhi waliyoishi na kuilima. Baada ya uchaguzi wa 2007, zaidi ya watu 1,100 waliuawa. Anayesema kuwa maneno ni upepo tu, na aende akawaulize waliofiwa.

Hata hivyo, orodha ya nomino ni wavu wenye matundu makubwa mno na madogo mno kwa wakati mmoja. Chui ana madoadoa. Mkulima hung’oa kwekwe shambani. Hawa wana hatia gani? Na mchochezi, akishajua neno lake limefungiwa, atabuni jingine kabla jogoo hajawika. Isitoshe, kuliweka neno la vijana kama ‘hatupangwingwi’, lenye maana ya ‘hatupangiwi’, ndani ya kapu moja na ‘mende’ ni kuchanganya kiburi na mauaji. Anayekataa kupangiwa mambo anaweza kukera, lakini hajamtisha yeyote. Huo ni mzigo tunaoweza kuubeba.

Mimi ningependekeza kipimo cha sarufi. Tuiache nomino kwanza, tuulize kitenzi ni kipi na shamirisho lake ni nani. ‘Chunga kura’ ni amri, naam, lakini kinachochungwa ni kura. ‘Ondoeni madoadoa’ nayo ni amri, ila kinachoondolewa ni binadamu aliyevuliwa ubinadamu. Sikiliza upatanisho wa kisarufi: ‘madoadoa yaondolewe’. Jirani aliyekuwa ‘a-’ na ‘wa-’ amekuwa ‘ya-’, sawa na magugu na matope. Kwa upande mwingine, anayesema ‘watu wa kabila fulani ni wachoyo’ ametoa dai. Ni dai la kijinga na la kuumiza, lakini ni dai, na dai linajibika. Tumjibu hadharani, tumwaibishe ikibidi. Amri ya kumwondoa jirani haiombi jibu. Inaomba mtekelezaji.

Utaniambia, ‘Profesa, vitenzi navyo hujificha.’ Kweli kabisa. Nchini Rwanda mwaka 1994, redio ya RTLM iliwaita Watutsi inyenzi, yaani mende, na kuwahimiza wasikilizaji wake ‘wafanye kazi’. Kuna kitenzi kisafi kuliko hicho? Lakini katika muktadha ule, kazi ilikuwa kuua, na wasikilizaji walielewa barabara. Ndiyo maana sarufi pekee haitoshi bila pragmatiki: nani anasema, anamwambia nani, lini, na walioambiwa wana uwezo gani wa kutenda? Neno lile lile kinywani mwa mlevi kilabuni na kinywani mwa mwanasiasa mbele ya umati wenye hasira si tendo moja.

Kazi hii ni ngumu kuliko kuchapisha orodha. Inahitaji wachunguzi na mahakimu wanaozielewa lugha zetu kwa undani, wakiwemo wataalamu wa Kiswahili, Kikalenjin, Kikuyu na Sheng, watakaosoma hotuba nzima badala ya kunyofoa neno moja. Inahitaji pia kipimo kitumiwe kwa wote, wa serikalini na wa upinzani. Kipimo kikimwona mchochezi wa upande mmoja tu, wananchi watakoma kukiamini, na hapo hata onyo la haki litapuuzwa kama porojo za kampeni.

Basi tustahimili maoni yanayotuchoma, tukiyajibu bila kuchoka. Lakini sentensi inayomfanya jirani kuwa kitu cha kuondolewa tusiibebe hata hatua moja.